Mtoto Akikuambia Ametendewa Ubaya: Namna ya Kumsikiliza



Mazungumzo ya leo ni mazito. Kama unasoma mbele ya watoto, weka kijitabu kando, ukirudie jioni wakishalala. Na kama jambo hili limewahi kukupata wewe mwenyewe, na unaposoma unahisi moyo wakwenda mbio, pumzika. Ukurasa huu hautakimbia.

Twazungumzia ubakaji, na kile ambacho watu wa sheria hukiita kunajisi, yaani kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18, hata ikisemwa kwamba mtoto mwenyewe alikubali. Barazani na redioni tumezoea kusikia habari za aliyetenda. Amekamatwa, ametoroka, amelipa mbuzi. Leo sitamzungumzia sana huyo. Nataka nizungumze na wewe uliyeambiwa kwanza.

Sisi wa Malindi tuna historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyebakwa alipofika hospitali nyingi nchini alitibiwa majeraha na kuelekezwa polisi, basi. Ndipo hospitali 3 zikachaguliwa kujaribu huduma kamili, yaani dawa, ushauri nasaha na kuchukua ushahidi. Hospitali hizo zilikuwa Malindi, Thika na Rachuonyo, na kazi hiyo ilifanywa na shirika la Liverpool VCT pamoja na Wizara ya Afya. Kati ya mwaka 2004 na mwisho wa 2007, watu 784 walihudumiwa katika vituo hivyo 3. Asilimia 43 yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15.

Hebu tulia hapo kidogo, mama. Mtoto wa miaka 7 hapandi matatu peke yake kwenda hospitali. Nyuma ya mtoto kama huyo aliyefika pana mtu mzima aliyemsikia akamwamini. Sisi wauguzi na madaktari huja baadaye. Wa kwanza ni mama jikoni, au nyanya anayelala naye kitanda kimoja.

Neno la kwanza

Mtoto haji akasema, "Nimenajisiwa." Huja na neno dogo. "Sitaki kwenda tena kwa mjomba." "Tumbo la chini laniuma." "Yule wa bodaboda si mzuri." Mwingine hasemi kitu, ila aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani aanza tena, au mchangamfu anakuwa wa kukaa pembeni. Dalili kama hizi zaweza kuwa na sababu nyingine pia, kwa hivyo usimrukie. Lakini usizipuuze.

Akianza kusema, acha kazi uliyo nayo. Nazi iache kwenye mbuzi, samaki mtoe motoni. Mpeleke mahali pasipo na masikio mengi, ukae chini, macho yako yawe sawa na yake. Kisha nyamaza umsikilize. Ukiona anasita, mwambie taratibu, "Nakusikia, mwanangu." Akimaliza, au akishindwa kumaliza, mwambie mambo haya kwa maneno yako: kwamba unamwamini, kwamba si kosa lake, kwamba amefanya vyema kukuambia, na kwamba hamko peke yenu, mtatafuta msaada. Ukimaliza hayo umeshaanza tiba, hata kabla ya dawa.

Mwulize kabla hujamkumbatia. "Nikushike mkono?" Najua kwa mama hilo ni swali la ajabu, kwani mtoto ni wako, umembeba mgongoni. Lakini mwili wake umechukuliwa bila kuulizwa, na wewe unamrudishia haki ya kuulizwa.

Kuna maswali ambayo hutoka kinywani kabla ya kufikiri. Ulifuata nini kule? Ulikuwa umevaa nini? Mbona hukupiga kelele? Mbona hukuniambia siku ile ile? Wewe unauliza kwa uchungu, naye anasikia hukumu. Hilo la kelele nalitaka nilieleze, kwa maana hata mahakamani watu hulishikilia. Hofu ikizidi, mwili waweza kuganda. Sauti haitoki na miguu haiendi. Umeona kifaranga akinyakuliwa na mwewe anavyonyamaza? Hakukubali. Na baadaye akili huweza kuyakumbuka mambo vipande vipande, ya mwisho yakaja mwanzo, saa na siku zikachanganyika. Mtu akisimulia hivyo usiseme anadanganya.

Kuchelewa kusema nako kuna sababu. Pengine alitishwa kwamba mama atauawa. Pengine aliyetenda ndiye anayelipa karo. Pengine alijaribu kusema mara moja akaambiwa ana mdomo mchafu.

Uliza tu yale unayoyahitaji ili umsaidie: wapi panauma, kama anatoka damu, ilikuwa lini, ni nani, na je, mtu huyo yuko karibu naye sasa hivi. Mengine waachie waliofunzwa. Ukimhoji mara kumi, kila jirani akiingia unamwambia asimulie tena, unamrudisha pale pale mara kumi. Tena ukimtilia maneno kinywani, "Si alikufanya hivi na hivi?", kesho kutwa wakili atasema mtoto alifundishwa na mamake.

Na hasira zako, mama, zishike. Una haki ya kukasirika, hata mimi hukasirika. Lakini ukipiga kelele "Nitamuua!", mtoto haoni kwamba unamtetea. Anaona ameleta kifo nyumbani. Ikiwa aliyetenda ni baba wa kambo au kaka, mtoto ataweza kuyarudisha maneno yake kinywani: "Nilikuwa natania tu." Ukizidiwa, toka nje upumue, umwambie unarudi, na urudi kweli.

Siri ni ya nani?

Mtoto atakuambia, "Usimwambie mtu." Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema, wakaapa. Usimwahidi mtoto siri ambayo huwezi kuitunza, maana atahitaji daktari, na sheria nayo inamlinda. Mwambie hivi: "Sitaitangaza habari yako. Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia, na kabla ya kumwambia yeyote nitakujulisha." Ahadi hiyo yawezekana, basi itimize.

Kwa mtu mzima ni tofauti. Dada yako wa miaka 25 akibakwa, habari ni yake na uamuzi ni wake. Mweleze umuhimu wa dawa, mweleze kwamba anaweza kwenda polisi, umsindikize akitaka. Asipotaka polisi, bado ana haki ya kutibiwa. Usimburute kituoni kwa sababu wewe ndiwe uliyekasirika. Amelazimishwa mara moja, yatosha.

Habari hii haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, wala picha yake isipigwe. Haipelekwi chamani. Kuomba Mungu au kusomewa dua ni haki yenu, lakini jina la mtoto si la kutajwa madhabahuni wala mbele ya watu. Hata mhudumu wa afya wa jamii unayemwamini, mpe yale tu anayohitaji ili akusaidie kufika hospitali.

Siku 3

Sasa tuhesabu, na hapa naomba uchukue makaa uandike ukutani. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kwa mtu aliyebakwa. Ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kwisha, yaani siku 3, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Huliwa kila siku kwa siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo, au mwanamke, kuna vidonge vya kuzuia mimba ambavyo hutolewa mpaka siku 5 baada ya tendo, navyo pia mapema ndiyo bora.

Chukulia ni disko matanga. Sote twajua yanayotokea gizani kule, ndiyo maana machifu wetu kila mara huyapiga vita. Msichana ameshikwa Ijumaa usiku wa manane. Jumamosi mama amsubiri baba arudi kutoka Mombasa. Jumapili ni kanisani. Jumatatu asubuhi wanakwenda kwa chifu, chifu awaita wazee, wazee wasema tukutane Jumanne. Jumatatu usiku wa manane saa 72 zimekwisha. Hakuna aliyemtakia mtoto mabaya katika hao wote, ila hakuna aliyehesabu.

Kwa hivyo hospitali kwanza. Chifu, wazee, baba mtu, polisi, wote hao waweza kungoja saa chache. Huhitaji namba ya OB ya polisi ndipo utibiwe. Ukiwa Bamba, Vitengeni au Marafa, nenda kituo cha afya kilicho karibu, uulize kama dawa hizo zipo. Kama hazipo, wakuandikie barua uende Kilifi au Malindi siku hiyo hiyo.

Najua mkono wa mama unakokwenda. Unakwenda kwenye sufuria ya maji ya moto, umwoshe mtoto, umkande kwa majani ya mwarobaini, uchafu ule umtoke. Ni mapenzi. Lakini maji yale huondoka na ushahidi. Mpeleke kama alivyo, umfunike leso, ubebe nguo nyingine za kubadilisha. Nguo alizokuwa amevaa usizifue. Zikiwa mbichi zianike kivulini zikauke, kisha zitie katika bahasha ya khaki au uzifunge kwa gazeti. Usizitie kwenye plastiki, zitaoza na ushahidi utaharibika. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu 2017, lakini wapi, bado twaiona.)

Na kama ameshaoga, au siku 3 zimepita, au ni mwaka jana? Bado mlete. Usimgombeze, na usijigombeze. Kuna magonjwa ya zinaa ya kutibu, kuna vipimo, kuna ushauri nasaha, na kesi haikufa kwa sababu ya maji.

Ukifika, huna haja ya kusimulia mbele ya foleni nzima. Mwendee nesi umwambie kwa sauti ya chini, "Nimemleta mtu aliyefanyiwa ukatili, nahitaji mahali pa faragha." Hospitali za umma zinatakiwa kumtibu manusura wa ubakaji bila malipo. Daktari au nesi ataeleza kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na mgonjwa ana haki ya kusema hapana, au subiri. Mtoto aweza kuomba umshike mkono wakati wote. Kuna fomu itakayojazwa, wahudumu huiita PRC, nayo ina nakala zaidi ya moja. Ulizia nakala yenu, uitunze pamoja na kitabu cha kliniki. Ile nyingine, P3, hutoka polisi bila malipo, daktari akaijaza.

Wauguzi wenzangu wakisoma hapa wasione vibaya, lakini nitasema. Ukikutana na mhudumu anayeuliza kwa kejeli, au anayeita wenzake waje watazame, una haki ya kuomba mwingine, na kumwona msimamizi wa hospitali. Tumefunzwa vingine.

Mbuzi aliye uani

Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006. Mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Mvulana na msichana ni sawa mbele ya sheria hiyo.

Hata hivyo bado twakaa chini ya mwembe tukasuluhisha. Mbuzi, kitita cha pesa, mnazi wa wazee, au msichana aozwe yule yule aliyemharibia. Nakuomba uyatazame mambo kwa macho ya mtoto. Wanaume wameketi, wametaja jina lake, wamepanga bei, yeye yuko ndani anasikia. Jioni mbuzi anafungwa uani. Kesho yake asubuhi mtoto anaambiwa ampelekee majani. Kila akilia mbuzi yule, mtoto anakumbuka alivyolipiwa. Na jirani aliyelipa bado anapita njia ile ile ya kisimani.

Tena wazee hawana mamlaka hayo. Uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi ya aina hii uliwekwa na sheria ya 2006 kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya chifu, si ya baba mtu, wala si yako mama. Wakikushurutisha ukaondoe kesi, hilo ni jibu lako: "Si yangu kuiondoa." Kuna akina mama ambao jibu hilo limewapa nafuu, maana limewatoa wao katikati.

Utaambiwa hakuna shahidi. Sheria yetu ya ushahidi inasema katika makosa haya neno la aliyetendewa laweza kutosha hata likiwa peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Mtoto pia aweza kuruhusiwa kutoa ushahidi bila kumtazama mshtakiwa usoni, au kupitia mtu wa kumsaidia. Mwombe afisa wa watoto wa eneo lako akueleze.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Kesi hukokota. Nauli ya kwenda Malindi au Kilifi kila ikitajwa ni mzigo, na kama mshtakiwa ndiye aliyekuwa akileta unga, nyumba italala njaa siku nyingine. Mambo hayo yaseme wazi kwa afisa wa watoto na kwa mshauri hospitalini, usiyafiche kwa aibu, maana mipango ya usalama na ya chakula ni sehemu ya msaada.

Neno moja juu ya watoto wa ufuoni. Mwaka 2006 utafiti wa serikali na UNICEF ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika ngono ya kulipwa, na wanunuzi hawakuwa watalii peke yao, Wakenya wenzetu walikuwamo. Nasikia watu wakisema "Huyo anajipeleka." Mtoto wa miaka 14 aliyepewa simu au pesa za unga hajajipeleka. Mtu mzima amemnajisi, na mtoto huyo anastahili masikio yale yale na dawa zile zile.

Na mvulana. Akikuambia, usicheke, usimwambie awe mwanamume. Wavulana huchelewa kusema kuliko hata wasichana, kwa kuogopa kicheko hicho.

Wiki zinazofuata

Dawa za siku 28 zaweza kumtia kichefuchefu. Mpe akiwa ameshiba uji au ugali, na akitapika rudi hospitali ukaulize, usizikatishe. Wengi huziacha njiani, si kwa kichefuchefu peke yake, bali kwa sababu kila kidonge kinamkumbusha. Kwa hivyo usimwachie mtoto akumbuke mwenyewe. Keti naye saa ile. Tarehe za kurudi kupima zifuate zote, hata akionekana mzima.

Ataota ndoto mbaya. Ataogopa choo cha nje usiku, basi msindikize. Atakuwa mkali siku nyingine bila sababu. Mrudishe shuleni mapema awezavyo, na mwalimu mmoja tu ajue, yule atakayemchagua yeye. Watu watakushauri umpeleke kwa jamaa mbali mpaka maneno yatulie. Fikiri sana kabla ya kufanya hivyo. Mtoto aliyeondolewa nyumbani huona ameadhibiwa yeye. Ikiwezekana, aondoke aliyetenda.

Akisema hataki kuishi tena, au akianza kuwagawia wenzake vitu vyake, usimwache peke yake. Ondoa dawa za panya na za shamba pale nyumbani, umlete hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki.

Na wewe, mama? Mara nyingi mtoto akisema, kuna la mamake lililolala miaka 20 nalo huamka. Mshauri wa hospitali ni wako pia. Ukimpeleka mtoto, mwambie, "Hata mimi nataka kuzungumza." Utapewa kiti.

Huna pesa kwenye simu, au ni usiku na hujui uanzie wapi? Piga 116, ambayo ni simu ya watoto. Kwa mtu mzima au mtoto aliyefanyiwa ukatili piga 1195. Zote ni bure, mchana na usiku. Ziandike ndani ya mlango wa jikoni, chini kidogo, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma.